Bushi ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Uwanja wetu una paa moja na shimo moja. Shimo ni la Masikio, paa tunaligombea. Yeye anatengeneza magari kwa chini, mimi napiga rangi kwa juu, na kwa miaka kumi na minane tumekuwa tukitupiana maneno kuhusu nani anamchafulia mwenzake kazi. Jina la Masikio alipewa na wateja. Ukimletea hadithi ndefu ya gari lako atakuitikia "ehe, ehe" huku anaangalia tairi, halafu atakwambia, "Panda, tuzunguke." Akirudi, anajua.

Mama yake alifariki miezi miwili iliyopita. Figo. Tangu siku hiyo Masikio amekufa ganzi. Sisemi kwamba analia au anakunywa. Ningefurahi afanye mojawapo. Siku ya maziko, watu wakiwa bado wanapeana pole, nilimkuta kwenye gari la jirani anarekebisha waipa. Ukimuuliza hali anajibu, "Kawaida." Anafungua saa moja, anafunga saa kumi na mbili, na katikati ya hapo hanitukani hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne asubuhi mdogo wake alileta gari la familia. Binti huyo ni mwalimu, na ndiye aliyekuwa anampeleka mama hospitali kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, mama akiwa kiti cha nyuma upande wa kushoto na mto mgongoni. Gari lenyewe limefikisha umri wa kuoa.

"Kaka, linagonga nyuma," alisema. "Nikipita tuta, ngo, ngo. Shokomzoba zimekufa, eti?"

Kila mteja duniani ameamua ni shokomzoba kabla hajazima injini. Masikio aliikandamiza kona ya nyuma kwa mikono miwili, akaachia. Gari lilipanda, likashuka, likatulia. Upande wa pili, vilevile. Akazipapasa shokomzoba, vidole vikatoka vikavu, hakuna mafuta yaliyovuja. Springi zilikuwa zimechoka kidogo lakini zimekaa mahali pake. Akashuka shimoni na nondo, akaipenyeza kwenye mkono wa chuma unaoshika tairi la kushoto, akasukuma. Mkono ukacheza.

"Bushi," alisema kutoka chini.

Bushi ni mpira tu, umebanwa ndani ya bomba la chuma pale mkono unapoungana na bodi, ili mishtuko ya barabara iishie hapo isimfikie aliyekaa juu. Ikifungwa vizuri inakaa miaka. Hizi alikuwa amezibadilisha mwenyewe miezi sita iliyopita.

Nilimwona akishikilia tochi mahali palepale muda mrefu. Alichotaka kujua ni kimoja: mpira ule uliuawa na barabara, au na mkono wake.

Mimi nilikuwa najua. Siku ile ya kuzibadilisha mawingu yalikuwa yametanda, nami nilikuwa na mlango wenye rangi mbichi nje. Nikampigia kelele aliondoe gari la mama yake chini ya paa. Sasa, bolti za bushi hukazwa tairi zikiwa zimekanyaga chini na gari limebeba uzito wake, ili mpira ukae sawa. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia, mpira unashikwa vibaya. Ukishusha, unajinyonga, na kila tuta linazidi kuunyonga mpaka uchanike. Hata mimi, mpaka rangi, najua hilo. Masikio alikaza likiwa juu, chapchap, akashusha, akaniachia paa. "Nitalirudia wiki ijayo," alisema. Hakulirudia. Mvua yenyewe haikunyesha.

Adhuhuri alikuwa ameshazitoa bushi zote mbili. Ya kushoto ilikuwa imechanika mduara mzima, kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika. Barabara hula mpira upande mmoja; mduara mzima ni kujinyonga. Aliifuta, akaitazama, akaitia mfuko wa ovaroli.

Mpya zilipoingia akalishusha gari, tairi zikakaa pande mbili za shimo, akarudi chini na spana.

"Kaa nyuma," alimwambia mdogo wake. "Kushoto. Nataka uzito."

Binti akapanda, akaufunga mlango polepole. Nilisikia spana ikianza kuuma, kisha sauti yake Masikio kutoka chini ya sakafu.

"Lilianza lini kugonga?"

"Zamani. Kama wiki ya tatu baada ya wewe kutengeneza."

"Mama alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa hasemi kitu. Anashika kitasa cha mlango tukikaribia tuta. Mwishoni akawa anataka tupite barabara ya juu, eti anapenda kuangalia nyumba za watu. Kule ni lami mpya."

"Mbona hamkulirudisha?"

"Nilitaka. Mama akasema, mwache mwanangu, ana kazi za watu."

Nilikuwa hatua nne tu kutoka hapo, nimeshika msasa. Nilitamani anitaje. Angesema tu kwamba huyu mpaka rangi ndiye aliyenikimbiza, ningekubali mbele ya wote wawili. Hakunitaja, na mimi sikufungua mdomo. Mpaka leo sijaufungua.

"Nilikaza likiwa juu," alisema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mpira ulichanika kwa sababu yangu. Siyo barabara." Sauti ilikuwa ileile anayoombea spana namba kumi na saba. "Kila alipokuwa anashika kile kitasa, ni mimi."

Kupitia kioo nilimwona binti ameegemea pale ulipokuwa unakaa mto, mkono wake uko kwenye kitasa. Kopo langu la rangi lilianza kushika utando.

"Nishuke, kaka?"

"Bado. Kaa hapohapo."

Niliangalia ukingoni mwa shimo. Spana ilikuwa imelala pale, imeshafutwa mafuta, kazi imekwisha.