Gunia la Maranda kwa Ajili ya Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja Magomeni kutoka Kusini kutusalimia, akaanza kuaga kabla begi lake halijafunguliwa vizuri. Sababu alimpa mke wangu: jiko letu la gesi halimwachii kazi. Unawasha, unazima, mmeshakula. Mke wangu, aliyetaka mama yake akae hadi mvua ziishe, akanitazama kana kwamba gesi niliivumbua mimi.

Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani. Asipokuwepo mtu wa kati, sisi huzungumza kupitia paka.

Nikaenda kwenye mashine ya kupasua mbao, upande wa Msimbazi, kutafuta maranda.

“Vipi mzee, umefungua banda la kuku?” fundi akaniuliza, maana siku hizi maranda yake huishia kutandikiwa kuku.

“Nampelekea mkwe apikie.”

“Mkwe! Basi chukua haya makavu. Ukimfukiza moshi wa mbao mbichi, utarudishiwa mahari.”

Uani nikatoa jiko la bati la marehemu mama yangu. Chuo kikuu nilifundishwa mengi niliyoyasahau. Kushindilia jiko la maranda nilikujua kabla sijajua kusoma. Nikasimamisha chupa katikati, nikapitisha kijiti kwenye tundu la chini mpaka kwenye kitako chake, nikajaza maranda kuizunguka na kuyashindilia kwa ngumi. Chupa ikitoka salama, linabaki shimo la kupitisha moto. Ikitoka vibaya, yote yanabomoka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, amempakata paka. Nikaishika shingo ya chupa kwa mkono mmoja, kwa madaha, nivute.

“We baba, zungusha kwanza!”

Alikuwa amenisemesha. Akajifunika mdomo kwa khanga. Mimi nikauchunguza ukuta, ambao kwa kweli unahitaji rangi.

“Paka,” akasema hatimaye, “nilikuwa nasema na wewe.”

“Paka, mwambie umesikia,” nikasema.

Nikaizungusha chupa. Ikatoka; shimo likabaki limesimama.

Maharage yalitokota mchana kutwa bila kuchochewa. Yeye alikaa kando kwenye kigoda, akiongeza maji, akionja, akizisema vibaya nazi za Dar.

Jioni mke wangu akamuuliza kama amsaidie kufunga begi. Mama mkwe akamgeukia paka.

“Mwambie mwenye nyumba, gunia moja halifiki mwisho wa mvua.”