Marehemu wa Hawe

Nyanya yangu, tuliyemwita Hawe kwa Kigiriama chetu, aliingia darasa la ubatizo akiwa hana hata jino moja la mbele. Ilikuwa miaka ya themanini, katika kanisa dogo la makuti nje ya Malindi. Mimi nilikuwa najiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, basi tukasoma pamoja, ajuza na mjukuu wake wa kike.

Kusoma hakujua, lakini hakuna neno lililompita sikioni. Alishona makuti uani huku akiimba mafundisho: Mungu ni mmoja, nafsi ni tatu.

"Watatu nyumba moja, na hawagombani!" alisema. "Huo ndio muujiza wenyewe."

Natamani hata leo kuisikia sauti ile, pamoja na harufu ya makuti yaliyolowekwa. Sijapata mwalimu aliyenifurahisha kama yule mwanafunzi mwenzangu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika amri ya kwanza. Nyuma ya nyumba yetu palisimama koma ya babu, mti mfupi uliochongwa na kusimikwa kwa kumkumbuka, kama ilivyo desturi yetu. Babu alikufa kabla ya kanisa kufika kijijini. Hawe alizoea kwenda pale na kifuu cha tembo la mnazi, akammwagia kidogo, akampa habari za nyumbani: nani amezaa, mbuzi gani kapotea, mkwe gani hana adabu. Mwalimu wetu wa dini, kijana mwenye baiskeli na shingo ngumu, akasema mambo hayo lazima yakome. Hawe alipouliza kwa nini, alimjibu mbele ya darasa zima.

"Mzoea vya kunyonga, Hawe, vya kuchinja haviwezi."

"Na mimi nilifunzwa nisiache mbachao kwa msala upitao," Hawe akamrudishia. Akajitanda leso yake, akaondoka.

Nilimchukia mwalimu yule kwa moyo wangu wote, jambo ambalo nalo lilikuwa dhambi, na alikwisha kutufundisha hivyo. Jumapili iliyofuata Hawe hakuja, na nyingine pia. Nilimsihi karibu nilie.

"Mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyoniita kwa utani, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. "Huyo Yesu namtaka, simkatai. Lakini nikienda kwake, mzee atabaki na nani? Mimi nikae karamuni, mume wangu yuko nje?"

Katika mafundisho yote niliyokariri, hilo halikuwemo.

Padre alikuja kwetu mara moja kwa mwezi kusoma Misa. Alikuwa Mzungu mzee mwenye Kiswahili cha vitabuni. Alipokuja mwezi ule, Hawe alimngojea mlangoni pa kanisa, akamwamkia, akamwuliza papo hapo.

"Padre, mume wangu hakubatizwa. Hakumkataa Mungu, ila habari hizi hakuletewa. Yuko wapi?"

Mwalimu wa dini akakohoa. Padre hakumjali. Alivuta benchi, akaketi karibu na Hawe. Kisha akasema kwamba alipo marehemu, anayejua ni Mungu, ila Mungu hamhukumu mtu kwa neno ambalo hakulisikia. Akasema kifo hakituvunjii undugu, na kwamba Kanisa huwaombea marehemu wote, hata wale ambao imani yao aijuaye ni Mungu tu.

"Mwezi wa kumi na moja ni mwezi wao," alisema. "Wewe utamleta mumeo."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

Hawe akabatizwa Pasaka. Maji yalipomgusa utosi alipiga kelele, "Baridi!", na kanisa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hakwenda tena na kifuu nyuma ya nyumba. Ilimuuma, nami niliona. Jioni aligeukia upande ule, kisha akayarudisha macho kwenye makuti yake. Tegemeo lake lote lilikuwa lile neno la Padre, na Novemba ilikuwa mbali.

Ilipofika siku ya kuwaombea marehemu, Padre alitaka kila nyumba isimame imtaje wake. Zamu yetu ikaja. Hawe akasimama, akafungua kinywa, akanyamaza. Watu wakageuka kumtazama. Hapo ndipo nilipoelewa: kwa malezi yake, mke halitamki jina la mumewe. Tangu aolewe, babu alikuwa "baba watoto", au "mwenyewe", au "mzee" tu. Nilitaka kumsemea. Nikasimama, naye akanishika bega akanikalisha, kwa nguvu ambazo sikudhani anazo.

Kisha akalitaja. Alilitaja lote, la babu na la baba yake babu, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya mto. Alipokwisha aliketi, akajifunika uso kwa leso kama bibi arusi. Mwalimu wa dini ndiye aliyeanza kuitikia, na kanisa zima likamfuata kumwombea babu yangu raha ya milele.

Chini ya leso nikamsikia Hawe akinong'ona, "Umesikia, mzee wangu? Wote hawa ni wewe wanayekuombea."