Kozi Isiyomshika Jamaa

Juzi nangoja kopi ya kitambulisho kwenye duka la kompyuta. Mbele yangu msichana anachagua masomo ya chuo, kasimamiwa na babake, mkata mikoko wa kisiwa cha Ndau.

"Misitu," akasema binti. "Nataka kuwa afisa wa serikali."

"Umshike nani kwanza?"

"Wewe, baba, ukikata mikoko michanga."

"Basi soma ya samaki."

"Nitamshika ami na wavu wake wa macho madogo."

"Ya wanyama?"

"Na babu, na nyama yake ya kasa?"

Baba akakuna ndevu, akamgeukia mwenye duka. "Bonyeza misitu, Bwana. Afadhali nishikwe na mwanangu, atanipa maji."

Wakitoka mlangoni nikamsikia baba akimuuliza bintiye polepole, mkoko unaoruhusiwa kukatwa unene wake ni upi.

Chuo binti hajaingia, wajukuu zangu, na mwanafunzi ashampata.