Sato Niliyemchuna kama Mbuzi

Lambo nililichimba mimi. Watu wanapenda kusema "tulichimba", lakini mle shimoni sikumwona mtu, niliona sururu na jembe. Nilitoka Mbuba na panga na blanketi, nikaja huku Nyakahura kutafuta malisho. Shule niliishia darasa la pili. Leo nina ng'ombe, nina migomba, nina nyumba ya bati, na nina maji yangu ambayo hata kiangazi ng'ombe wa jirani wanakuja kuyanywa. Kwa hiyo nikisema najua kitu, jua ninakijua. Samaki nilikuwa sijui.

Sikujua kwa sababu ya mama yangu. Kwetu Wahangaza, nyumba yenye maziwa haikuwa inaingia samaki. Shombo likigusa kibuyu cha maziwa, ng'ombe wanakauka, ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyonilea. Niliishi naye hapa mpaka alipofariki, tukamzika nyuma ya migomba, na sheria yake ikabaki mlangoni kama vile bado amesimama pale na kanga yake begani.

Sasa mimi nilioa Msukuma wa kando ya ziwa, upande wa Sengerema. Mtu aliyekua na samaki asubuhi na jioni. Alipoingia kwangu aliacha, na sikumsikia akinung'unika. Siku za gulio alikuwa anapita kwa mama lishe, anakula sato wake, ananawa kwa ndimu, halafu akifika nyumbani anakaa nje kwanza apigwe na upepo ndipo aingie. Nilikuwa namwona. Nilikuwa najifanya naangalia ng'ombe.

Samaki wa lambo waliletwa na jirani yangu, Msukuma naye, wa Shinyanga. Aliwamwaga vifaranga wa sato kutoka kwenye ndoo, wadogo kama kucha, bila kuniuliza. Nilimfokea mpaka nikachoka. Akasema, "Shemeji, ng'ombe wako watakunywa maji, hawatakunywa samaki. Hasira ya nini?" Ananiita shemeji kwa sababu ya mke wangu, basi nami namwita hivyo hivyo.

Samaki wakakua. Jirani akawa anakuja na ndoano yake, anakaa pale kwenye mkaratusi, na mimi wakati ng'ombe wanakunywa nikawa nakaa naye. Siku moja akanipa mshipi niushike. Basi, nikanasa mimi kuliko samaki. Kila nilichovua nilimpa yeye akapike kwake, nikanawa, nikaenda nyumbani. Sato mkubwa kuliko wote alimvua yeye. Alimlaza kwenye shina la mkaratusi, akachora alama kwa panga pale kichwa kilipofikia na pale mkia ulipofikia, na kuanzia hapo hatukupumua. Kila nikivua ananiambia, "Kampime, kampime kwenye mti." Nikipima, samaki wangu hafiki. Anacheka. "Mhangaza na samaki wapi na wapi? Ninyi watu wa ndizi na maharage."

Mwaka jana mke wangu aliugua. Alilazwa, akatoka. Daktari alituambia ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni kula. Lakini kula ndiko kulikoshindikana. Watoto wetu wako mbali, kila mmoja na mji wake, kwa hiyo nilipika mimi. Nilipika uji wa ulezi, nikapika ndizi kwa maharage mapya, nikachinja jogoo nikamchemshia supu. Anaonja kijiko kimoja, anageuza uso ukutani. "Yote ni majivu," anasema. Mikono yake ilibaki mifupa na bangili. Mimi si mtu wa kuogopa, lakini kila asubuhi kabla sijafungua mlango wa chumba nilikuwa nasimama kwanza nisikilize kama anapumua.

Asubuhi moja nilimuuliza, kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimechoka kumwaga vyakula: "Basi unataka nini duniani?"

Akageuza uso kutoka ukutani. Kisha akasema, "Samaki."

"Nitakuletea. Leo ni gulio."

"Wa gulioni amekufa mara mbili, mara ya kwanza majini, mara ya pili juani. Nataka aliyekuwa anatikisika." Halafu kama aliyekumbuka yuko nyumba ya nani, akaongeza, "Acha tu, baba watoto. Nilikuwa nasema."

Nilikwenda lambo bila hata kunywa chai. Jirani alikuwepo tayari. Sikumweleza kitu. Nilichimbua nyungunyungu, nikatupa ndoano upande wa matete ambako yeye huwa hatupi kwa kuogopa mshipi usinase. Nilitaka samaki wa sufuria tu, hata wa kiganja. Mshipi ukatulia. Kisha ukavutwa, na fimbo ikapinda mpaka ncha ikazama. Niliingia majini na viatu.

Nilimtoa kwa mikono miwili. Sijui nimweleze vipi. Mweusi mgongoni, kifua chekundu, mdomo mnene kama wa mzee aliyekasirika. Nilimweka juu ya mkono wangu, kichwa kwenye kiwiko, na mkia ukapita ncha za vidole. Jirani alisimama, kofia mkononi kama yuko kanisani.

"Kampime," nikamwambia. Safari hii nilisema mimi.

Tulimlaza kwenye mkaratusi. Alama ya jirani yangu ilifika shingoni mwa mkia, mkia wote ukabaki nje. Nikachukua panga lake nikachora alama yangu, na nilichora kwa nguvu.

Jirani hakuwa na kinyongo, lazima niseme. Alifurahi kuliko mimi. "Shemeji, huyu hatutamficha! Huyu ni wa gulioni. Tumfunge kwenye mti, tumpitishe mbele ya wauza ng'ombe wote, wamwone. Wale wavuvi wa ziwani wanaotudharau wamwone! Kisha jioni tutajua la kufanya."

"Mke wangu anataka samaki."

"Dada atakula! Nampa huyu wangu wa leo, mzuri, mdogo, ataiva haraka. Lakini huyu? Nani atakuamini kesho? Simu zetu ni za vitochi, hazina picha. Asipoonekana leo, hakuwepo."

Nisidanganye, nilitaka kwenda. Nilishaona watu wa gulio wananipisha njia. Nilikuja Nyakahura hakuna anayenijua, na kuna watu pale mpaka leo wananiita "yule wa kutoka Mbuba". Nilisimama na samaki wangu anapiga mkia kwenye nyasi. Ule mkia ndio ulionikumbusha. Alikuwa bado anatikisika. Mpaka tufike barabarani, mpaka kila mtu amguse na kuuliza na kubisha, atakuwa kama wale wa juani, aliyekufa mara mbili.

"Haendi," nikasema.

"Shemeji!"

"Mke wangu amemngoja zaidi." Nikamfunga kwa majani ya mgomba, nikaondoka mbio, maji yanalia viatuni.

Nyumbani nilifanya kwanza la mama. Nilivitoa vibuyu vya maziwa nikavifungia stoo. Nikaenda na samaki mpaka uani, mbali na zizi. Na pale ndipo nilipoona kwamba sijui linalofuata. Nimechinja ng'ombe, mbuzi, nguruwe, sijashindwa na mnyama. Nikamtundika kwa kamba kwenye mwamba wa kuanikia nguo, kichwa chini, nikachana ngozi kwenye mkia, nikaanza kuivuta. Haikuvutika. Nikaingiza ngumi kama tunavyofanya kwa mbuzi. Magamba yakanikata. Nikatukana, nadhani kwa sauti.

"Unafanya nini, wewe mzee?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Peke yake, ameshika fremu. Siku nyingi hakuwa amefika pale bila kushikwa.

"Namchuna."

"Unamchuna." Akatazama samaki, akanitazama mimi na damu yangu vidoleni. "Na ngozi utaiwamba uuze?"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mpaka nikatupa kisu nikamkimbilia nikidhani ndiyo mwisho, naye ananisukuma kwa mkono, anasema, "Kigoda. Lete kigoda. Mshushe huyo kiumbe wa Mungu, unamwaibisha."

Alikaa. Nikamlaza samaki juu ya ubao mbele yake. Akashika kisu akakipitisha kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yakaruka kama makapi ya mpunga. Mikono ile iliyokuwa haiwezi kushika kikombe. "Shika mkia. Si hivyo. Hivyo. Hapa kuna nyongo, ukiipasua umeharibu kila kitu, hata supu usimpe mbwa." Akachoka katikati, akanipa kisu, akaniongoza kwa kidole mpaka tukamaliza. Hakuniuliza ni mkubwa kiasi gani. Nilimwambia mwenyewe, mara mbili. Akasema, "Naona."

Nilitaka kuwasha moto jikoni. Nikamwambia, "Mama amelala kule nyuma ya migomba, ingia upike."

Akatikisa kichwa. "Nimekaa humu ndani tangu msichana sijamvunjia heshima. Nisianze leo sina hata nguvu ya kukimbia." Basi nikapanga mafiga pale uani, nikatafuta sufuria kuukuu ambayo haijawahi kuguswa na maziwa. Akataka nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi. Mafuta alikataa. Nikakoroga ugali akiangalia, akinisema.

Alianza na kichwa. Alikifungua kwa vidole, akanyonya mifupa mmoja mmoja, akaipanga pembeni. Mimi nilikaa kimya kabisa, nikiogopa kwamba nikikohoa ataacha. Hakuacha. Akamega ugali, akachovya, akamega tena. Jasho likamtoka puani. Nikageuka nikajifanya naangalia ng'ombe.

"Na wewe kula," akasema.

Nikala. Kwa mara ya kwanza maishani, mzee mwenye wajukuu. Sikupenda. Nilimwambia, "Ananuka tope."

"Samaki mzee wa lambo atanuka nini, maua? Wa kwetu hanuki." Akachukua kipande changu akakila.

Jioni alinisimamia nikanawa kwa majivu, kisha kwa ndimu, kisha kwa majivu tena, ndipo akaniruhusu kwenda kukamua. Ng'ombe walitoa maziwa yao kama siku zote. Nililiona hilo, sikulisema kwa sauti, maana migomba haiko mbali na zizi.

Kesho yake jirani alifika mapema. Mke wangu alikuwa nje kwenye jua, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka."

"Samaki yuko wapi? Nimeleta watu wawili kutoka barabarani wamwone."

"Tumemla."

"Mzima mzima? Hata kichwa?"

"Kichwa ndicho nilichoanza nacho."

Wale watu wawili wakatazamana. Jirani akashika kiuno. "Shemeji, umeniua. Ule mkaratusi nao unabanduka gome, mvua mbili tu alama imekwenda. Utamwonyesha nani?"

Alisema kweli, gome lilibanduka, na alama yake na yangu zote zimekwenda. Gulioni wananiuliza kwa kucheka, nami nawajibu kwamba nilimvua, na kwamba aliyetaka kumwona angewahi.

Lakini asubuhi ile mke wangu ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Baba watoto," akasema, "ukirudi lambo leo niletee wadogo. Wale wa kiganja. Wakubwa hawana ladha."