Pini Arobaini na Bastola Moja

Mtaani walimwita Mama Pini. Kila jioni, kabla ya kufunga duka lake la ushonaji, alihesabu pini zake arobaini na mikasi mitatu, kwa sababu aliwahi kumkabidhi mteja gauni lenye pini kwenye pindo, na aibu ile haikumtoka. Pini ikipungua, hata bibi harusi angesubiri.

Wezi walipomvamia mumewe humo dukani na kumvunja mkono, mzee aliomba kibali, akanunua bastola. Wifi yake Mama Pini alikuja juu.

"Silaha waachieni polisi, kaka. Nyinyi ni mafundi cherehani!"

"Polisi walifika nimeshafungwa plasta," kaka mtu akamjibu.

Mama Pini ndiye aliyemfuta damu siku ile, kwa kipande cha bitana, kwa hiyo alisimama na mumewe. Sharti lake lilikuwa moja tu: bastola nayo ihesabiwe.

Ikahesabiwa miezi minane. Kisha jioni moja pini zikawa thelathini na tisa. Wakapekua vitambaa, wakatambaa chini ya cherehani, mpaka ikaonekana kwenye kola ya shati. Mama Pini alifurahi hata akafunga duka bila kumaliza hesabu. Ng'ombe kapotea, mwenyewe anashangilia kamba.

Asubuhi akaingia jirani, mama wa watoto wawili, aliyechukua sare zao jana yake. Furushi alilibeba kwa mikono miwili.

"Mama Pini, hii nimeikuta katikati ya sketi. Shukuru nilifungua mimi."

Mzee akakaa kitako sakafuni. Jana mteja mmoja aliingia ghafla, naye mzee akaisukumia bastola chini ya sare, akasahau. Mkewe akafunga vyote pamoja.

"Tunairudisha leo," Mama Pini akasema.

"Na wale wakirudi?"

"Sijui, mume wangu. Hata mimi naogopa. Lakini nikikosea pini, inachoma kidole tu."

Wakaipeleka kituoni kabla ya adhuhuri. Jioni akahesabu: pini arobaini, mikasi mitatu. Alipofika pa kutaja bastola, akasita. Mumewe alikuwa kwenye kigoda, macho mlangoni, mkono uliovunjika ameupakata.

"Nihesabu na mimi," akasema mzee.

"Na mume mmoja," akasema Mama Pini, akasukuma komeo.