Uzi Unaokatika Ukilowa

Nilifiwa na mume wangu Jumanne, tarehe 5 Machi 1935, mjini Shinyanga, na jioni ile ile nikaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, sikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Nilivaa bafta nyeupe, bila wanja, bila manukato, bila pete. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Pangani aliyekuja bara akimfuata mumewe, alihamishia kitanda chake chumbani mwangu, akakiweka baina yangu na mlango.

Nyumba haikuwa yetu. Ilikuwa ya tajiri wa mume wangu, mwenye bohari la nguo karibu na stesheni, naye aliitoa kwa sababu ya kazi. Nguo zilifika kwa treni, marobota yakiwa yamefungwa kwa muhuri wa lakiri ya forodha, na afisa wa forodha alikuja kutoka Mwanza mara moja kwa mwezi kuyafungua. Kabla hajafika, ilimpasa tajiri kutaja daraja la kila robota: pamba tupu, iliyotozwa ushuru mdogo, au pamba iliyochanganywa na hariri bandia, iliyotozwa mkubwa. Vipande vya mfano vilitangulia kwa posta, na mume wangu ndiye aliyevichambua.

Njia yake ilikuwa moja. Alichomoa uzi wa mtande, ule wa urefu wa nguo, kisha uzi wa mshindio, ule wa upana. Kila mmoja aliulowesha katikati kwa ncha ya ulimi, akauvuta polepole. Pamba ikilowa huzidi kuwa ngumu, hivyo hukatika pakavu. Hariri bandia hukatika palepale penye maji. Nyuzi zilizokatika alizigandisha kwa gundi kwenye kadi ngumu, na afisa alizoea kuiamini kadi ile. Tangu mwaka 1931 macho yake yalipoanza kufifia, mvutaji wa nyuzi nilikuwa mimi.

Tajiri alilijua hilo. Wiki ya pili ya msiba alimtuma karani wake kusema kwamba, maadamu kadi zinaendelea kutoka nyumba ile, nyumba ile ni yangu. Nikishindwa, njia ilikuwa imekwisha kuchongwa. Shemeji yangu, aliyekuwa na mke tayari na akifanya kazi ya dhahabu Nyarugusu, angenichukua eda itakapokwisha. Hakuna aliyeniuliza. Mama mkwe alilitaja jambo hilo kama mtu anayetaja masika.

Basi nikawa nafanya kazi nikiwa nimeketi mkekani, dirisha limefunguliwa kadiri ya kiganja, kopo la maji pembeni. Karani aliacha vipande barazani, mama mkwe akavipitisha chini ya pazia. Nilishika maua, mistari, madoadoa, nguo ambazo wake wa wachimbaji wa Bugarama na Geita wangezivaa kabla ya mwaka kwisha, nami mwenyewe nikiona kipande cha ukuta wa jirani na mkia wa mbuzi.

Mwanzoni mwa Juni kilikuja kipande cha rangi ya komamanga, chepesi, kinachong'aa kama mgongo wa mdudu. Mama mkwe alikishika, hakukipitisha mara moja.

"Hariri," alisema. "Mjane wa eda, na hariri mapajani. Watu watasema mwanangu alioa nini?"

"Sijaivaa, mama. Naichambua."

"Leo waichambua. Kesho wajitanda."

Akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mpole aliyekuwa akikohoa kila baada ya sentensi. Aliketi barazani. Karani, aliyekuwa akisubiri kadi, aliketi naye. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na mama mkwe alisimama katikati kama hakimu.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unashika hariri."

"Nimeletewa kitambaa, mwalimu."

"Kushika si kuvaa," alisema, akakohoa. "Lakini kama ni hariri, na nyumba ina msiba, na majirani wana midomo, ningekushauri uiache kazi hii. Kama si hariri, sina neno. Je, ni hariri?"

Karani alicheka. "Mwalimu, ni pamba. Tajiri mwenyewe amesema ni pamba. Mama, sema pamba, kila mtu aende kula."

Nikaelewa wakati ule kwamba neno moja lingewaridhisha wote. Mwalimu angeondoka bila lawama. Tajiri angeokoa ushuru wa marobota mazima. Mimi ningebaki na nyumba. Hata mama mkwe angenyamaza, maana hakuna aibu katika pamba.

Uzi ulikuwa tayari vidoleni mwangu. Wa mtande ulikatika pakavu. Wa mshindio niliuchovya koponi, nikauvuta, ukaachia kama ujiuji. Nikachomoa mwingine, nao ukaachia vilevile. Ile kadi bado ilitoka kwa jina la mume wangu, ijapokuwa mkono ulikuwa wangu, na sikutaka mtu wa Mwanza aishike siku moja aseme kwamba marehemu alikuwa mwongo.

"Si hariri, mwalimu," nilisema. "Hakuna mdudu aliyeifuma. Uzi huu hutokana na magogo ya miti yaliyosagwa. Lakini pia si pamba. Urefu ni pamba, upana ni hariri bandia."

"Kumbe mti," alisema mwalimu. "Basi shika, mwanangu. Mti haukatazwi." Akaomba maji ya kunywa.

Karani hakucheka tena. "Mama," alisema taratibu, "umemjibu mwalimu. Tajiri nimjibu nini?"

"Mpelekee kadi."

Aliichukua. Siku chache baadaye alirudi bila vipande, akasimama mbali na baraza. Tajiri amepata mchambuzi mwingine, alisema, na nyumba itahitajika eda itakapokwisha. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Ungesema pamba," aliniambia.

"Wewe ulitaka niseme hariri."

"Nilitaka uache. Sikutaka tufukuzwe." Usiku ule alilia, nami sikujua analilia nyumba au mwanawe.

Eda iliisha Ijumaa, tarehe 12 Julai. Kwa desturi, mjane huogeshwa, huivua nguo ya eda, huvishwa mpya iliyoletwa na jamaa. Shemeji alikuwa amefika na lori la Geita. Alileta doti moja, akaipitisha kwa mikono yote miwili, kwa adabu. Rangi ya komamanga.

"Shemeji, dukani wameniapia ni pamba safi," alisema. "Nimechagua inayong'aa. Umekaa gizani mno."

Alisema kwa wema. Sina la kumlaumu. Lakini kuvaa nguo yake mbele ya jamaa ilikuwa ni kumjibu kwamba nimekubali anioe. Niliikunja, nikairudisha, nikajitanda bafta ile ile niliyoifua asubuhi.

"Wavaa eda tena?" mama mkwe aliuliza.

"Eda imekwisha, mama. Hii ni nguo yangu."

Shemeji alitazama chini, kisha akaanza kupakia mizigo. Lori lilikuwa moja na paa la kulala lilikuwa moja, hivyo nilipanda. Nilikaa Nyarugusu katika chumba cha mama mkwe, si cha shemeji, hadi Januari 1938, nilipopata nafasi ya kurudi Shinyanga na kuanza kusoma pamoja na watoto wa rika la kuwa wajukuu wangu.

Doti ile alipewa mke wa shemeji. Aliifua mara ya kwanza mtoni, akaikamua kama tunavyokamua kanga, ikachanika mikononi mwake toka pindo hadi pindo. Aliniletea, akauliza kama naweza kuishona. Niliishona, kwa uzi wa pamba, nikamwambia asiikamue tena ikiwa imelowa.