Mkono wa Mashavu

Mama anayemchezesha Mashavu, kikaragosi kipenzi cha watoto kwenye televisheni miaka nenda miaka rudi, hujikunja chini ya meza na kuinua mkono. Sisi wa studio tumemzoea Mashavu mno. Hata fundi sauti humbandika yeye kipaza sauti kifuani, kisha hujicheka na kukihamishia kwa mama. Mama mwenyewe ukimsalimu hujibu kwa kisauti kidogo, hadi najiuliza ile sauti kubwa huificha wapi.

Leo mwongozaji alimfokea: “Mama, mkono unatetemeka! Tutafute mwingine?”

Mashavu akamgeukia mwongozaji taratibu.

“Kaka, huyu ndiye anayenishika. Akiondoka, mimi nitasimamaje?”

Mwongozaji akashusha pumzi. “Nisamehe, Mashavu.”

“Usiniombe mimi,” akajibu Mashavu, akachungulia chini ya meza. “Muombe yeye.”